Kompyuta yangu ni ipi? Ofisi ndogo, mashine za pamoja na urithi wa Athena

Leo ni historia kidogo, ila sharti nianzie pale historia yenyewe iliponikuta: chini ya meza, kebo mkononi, vumbi puani.

Mwaka 2008 niliombwa kuhamisha kompyuta za ofisi moja ndogo ya mawakili hapa Nairobi. Watu walikuwa tisa, mashine saba kuukuu za kila aina, na kila moja ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Sasa walikuwa wamenunua mashine mpya tano, zote za muundo mmoja. Tano kwa watu tisa, kwa sababu asubuhi mawakili wako mahakamani na makarani wako kwenye masjala, na ilikuwa nadra kukuta watu zaidi ya watano wameketi ofisini kwa wakati mmoja. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza. Mtu yeyote akae kwenye mashine yoyote, aandike jina lake na neno lake la siri, akute kazi zake vile vile alivyoziacha jana kwenye mashine nyingine. Ile iliyokuwa na afya kuliko zote kati ya zile kuukuu ningeigeuza kuwa seva.

Pale ofisini kulikuwa na karani mkongwe, mama aliyeanza kazi enzi za taipureta. Kwenye mashine yake kulikuwa na hati za miaka sita, na majina ya faili aliyajua yeye peke yake. Aliniangalia nikichomoa kebo, akauliza: "Sasa kijana, kompyuta yangu ni ipi?"

"Zote, Mama."

"Zote maana yake hakuna," akasema, akaendelea kupanga karatasi zake.

Nilicheka. Baadaye niliona kwamba alikuwa ameeleza tatizo lote kwa maneno manne, na kwamba kuna watu walilishughulikia tatizo hilo kwa miaka minane, kwa mamilioni ya dola, kabla mimi sijajua hata kuwasha kompyuta.

Nilisimika Ubuntu 8.04 kwenye mashine zote. Folda za watu nikaziweka kwenye seva na kuzigawa kwa NFS, ule mfumo wa kugawana faili uliobuniwa na Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1980. Kwa wiki mbili mambo yalikwenda shwari. Halafu mwanagenzi mmoja, kijana aliyekuwa akimalizia mafunzo yake ya uwakili, akaja na laptopu yake mwenyewe. Naye alikuwa mpenzi wa Linux. Akaichomeka kwenye swichi, akaunganisha folda ya seva ili anakili fomu fulani, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Kwenye skrini yake zilikuwepo faili zote za wakili mkuu: barua, kesi za talaka, mikataba ya ardhi. Hakuvunja kitu. Hakuulizwa neno la siri hata moja.

Sababu yake inatia aibu. Ndani ya Linux mtumiaji si jina bali ni nambari, na Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza nambari 1000. Nilipokuwa nasimika seva, jina la kwanza nililoliandika lilikuwa la wakili mkuu (heshima kwa mzee, si ndiyo?). Kwenye laptopu ya yule kijana mtumiaji wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Na NFS ya kawaida haikuulizi wewe u nani. Huiuliza mashine yako. Mashine ikijibu "huyu ni 1000", seva hufungua mlango. Mbaya zaidi, mtu mwenye mamlaka ya root kwenye mashine yake, yaani mamlaka yote, anaweza kujipa nambari yoyote anayoitaka.

Siri za wateja wa wakili si jambo la mchezo. Nilitoka jasho. Nilipoanza kutafuta dawa, kila nilichosoma kilinirudisha kwenye chuo kimoja na mradi mmoja: Massachusetts Institute of Technology, yaani MIT, na Mradi wa Athena ulioanza Mei 1983.

Lakini tusiruke. Kutumia kompyuta kwa pamoja ndiko kulikotangulia, na "kompyuta yangu" ikaja baadaye. Hapo hapo MIT, Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliiwezesha mashine moja kubwa ya IBM kuwahudumia watu kadhaa kwa zamu za haraka sana, hata kila mmoja akadhani yuko peke yake. Kwa kuwa faili za watu wengi zilikaa ndani ya mashine moja, ilibidi kila mtu awe na neno la siri. Hiyo ndiyo mojawapo ya mara za kwanza neno la siri kutumika kwenye kompyuta, na aibu zake zilianza mapema. Mwaka 1962 mwanafunzi aliyeitwa Allan Scherr, aliyekuwa amepewa saa chache tu za mashine kwa wiki, aliomba faili la maneno yote ya siri lichapishwe kwenye karatasi. Likachapishwa. Mwaka 1966 hitilafu ya programu ya kuhariri ilibadilishana mafaili mawili, na kila aliyeingia akasalimiwa na orodha nzima ya maneno ya siri badala ya tangazo la siku. Sikujihisi mpweke tena niliposoma hayo.

Kisha ikaja IBM PC mwaka 1981, na habari za kugawana zikaonekana kama za kizamani. Kila mtu na mashine yake, diski yake, fujo yake. Ofisi ya wale mawakili, na mashine zake saba, ilikuwa mtoto halali wa mwaka huo.

Athena ilizaliwa katikati ya mawimbi haya mawili. MIT ilitaka wanafunzi wa masomo yote watumie kompyuta katika kujifunza: wa lugha, wa uchumi, wa siasa, si wa uhandisi peke yao. Kampuni mbili, Digital Equipment Corporation na IBM, zilikubali kutoa vifaa, fedha na wahandisi. Mradi ulipangiwa miaka mitano na bajeti ya takriban dola milioni 70. Uliongezewa mitatu, ukamalizika Juni 1991.

Hapo mwanzo walitumia njia ya zamani: mashine za VAX 11/750, kila moja ikigawanywa na watu wengi kupitia skrini na kibodi tupu. Kila aliyewahi kutumia saibakafe yenye kompyuta kumi na laini moja dhaifu atajua kilichotokea siku za kuelekea mitihani. Kila mtu anataka kumaliza kazi usiku ule ule, na mashine inatambaa kama konokono. Kwa hiyo mpango mkubwa ulikuwa kuhamia kwenye mashine nyingi zenye nguvu zao wenyewe, zilizotawanywa kwenye vyumba vya chuo, ili mzigo wa mmoja usimwangukie mwenziwe.

Hapo ndipo swali la yule mama linapoingia. Kwenye VAX ya pamoja faili zako ziko pale pale, kwa sababu mashine ni moja. Kwenye PC yako faili zako ziko pale pale, kwa sababu mashine ni yako. Je, ukiwa na mashine mamia, na wanafunzi maelfu, na leo umekaa chumba hiki kesho chumba kile? Kazi zako ziko wapi? Na nani anajua kwamba wewe ndiwe wewe?

Kulikuwa na tatizo la pili. Vifaa vilitoka kwa kampuni mbili ambazo mashine zao hazikuelewana. Mpango wa awali ulikuwa kuwagawia wahandisi vifaa vya Digital, na wengine vya IBM. Wakuu wa mradi walisisitiza kwamba mwanafunzi asione tofauti: awe na mfumo ule ule, amri zile zile, skrini ile ile, popote akaapo. Walichagua Unix ya Berkeley kama msingi. Kwa upande wa skrini walipata msaada wa jirani: Juni 1984 Bob Scheifler, wa maabara ya sayansi ya kompyuta pale MIT, aliwatangazia wenzake mfumo wa madirisha aliouita X, alioutengeneza kwa kuanzia na mfumo mwingine ulioitwa W. Jim Gettys, mhandisi wa Digital aliyekuwa Athena, akaungana naye. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na lile dirisha ambalo mwanagenzi wetu alilifungua mwaka 2008 lilichorwa na X11 hiyo hiyo.

Sasa uamuzi ambao kwangu mimi ndio kiini cha kila kitu. Watu wa Athena waliamua kwamba mashine iliyo mbele yako isimiliki chochote cha maana. Programu zenyewe zilisomwa kutoka seva, kwa njia ambayo mashine inaweza kusoma lakini haiwezi kuandika. Folda yako ilikaa kwenye seva nyingine na kuunganishwa unapoingia. Ukitoka, mashine inasafishwa, mabaki yako yanafutwa, na anayefuata anakuta meza tupu. Mashine ya umma ikiharibika hakuna wa kulia. Unaisimika upya tu.

Na kwa kuwa mashine haikumiliki kitu, hawakuihesabu kuwa ya kuaminika. Hapa ndipo nilipoacha kusoma nikasimama. Neno la siri la root kwenye mashine za umma za Athena lilikuwa likijulikana na wanafunzi. Halikuvuja. Ilikuwa ni makusudi. Hoja yao ni kwamba mtu aliyekaa peke yake na mashine usiku kucha anaweza kuizima, kuiwasha kwa diski yake mwenyewe na kujipa mamlaka yote. Kwa hiyo kujidanganya kwamba root ya mashine ya umma ni siri ni kupoteza muda. Ulinzi uhamishiwe kwenye seva, ndani ya chumba kilichofungwa.

Linganisha na nilivyofanya mimi. Nilikuwa nimeweka neno la siri refu la root kwenye kila mashine, nikajipongeza, halafu nikaiacha seva iamini chochote inachoambiwa na kifaa chochote kilichochomekwa kwenye swichi. Nilifunga madirisha nikaacha mlango wazi.

Dawa yao iliitwa Kerberos, jina la yule mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki anayelinda lango la kuzimu. Waliosanifu sehemu kubwa ya matoleo ya mwanzo ni Steve Miller wa Digital na Clifford Neuman wa MIT, wakijenga juu ya wazo lililochapishwa mwaka 1978 na Roger Needham na Michael Schroeder. Mwaka 1988 ilielezwa hadharani kwenye mkutano wa USENIX, na mwaka huo huo Bill Bryant, wa hapo hapo Athena, aliandika mazungumzo ya kuigiza baina ya wahusika wawili, Athena na Euripides, wakiubuni mfumo huo hatua kwa hatua, mmoja akipendekeza na mwingine akitoboa matundu. Kama unasoma Kiingereza, acha vitabu vinene vyote uanze na hayo mazungumzo.

Nitajaribu kwa Kiswahili. Unaingia jengo refu hapa mjini. Getini kuna askari na daftari. Anakutambua, anakupa kibandiko cha mgeni, kibandiko kina muda wake, na huko juu ghorofani kila ofisi inaangalia kibandiko tu. Hakuna anayekuuliza kitambulisho tena. Kerberos ndiye askari huyo, ila ana maringo mawili zaidi.

Kwanza, hasikii neno lako la siri hata kidogo. Mashine uliyokalia inamtumia jina lako tu. Yeye anarudisha kifurushi kilichofungwa kwa ufunguo unaotokana na neno lako la siri, ufunguo ambao anao kwenye daftari lake. Ukiliandika sawasawa, mashine inakifungua kifurushi. Ukikosea, kinabaki kimefungwa, na ndiyo maana unaambiwa umekosea. Anayesikiliza kwenye waya hakusikia neno la siri likipita, kwa sababu halikupita.

Pili, kila huduma ya jengo, iwe ni faili, barua au printa, ina siri yake kati yake na askari. Ukitaka huduma ya faili, askari anakupa bahasha iliyofungwa kwa siri hiyo. Wewe huwezi kuisoma. Unaibeba tu. Seva ya faili ndiyo inayoifungua, na ndani inakuta jina lako limeandikwa na mtu inayemwamini. Mashine yako ikisema "huyu ni 1000" seva inajibu: sawa, bahasha iko wapi? Athena waliirekebisha NFS yenyewe ili iheshimu utaratibu huo, kwa maana tundu nililolianguka mimi mwaka 2008 wao walikuwa wameliona miaka ishirini nyuma.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau wakisifu Kerberos. Ukishamtenganisha mtu na mashine, maswali madogo madogo yanafumuka kila upande. Folda ya huyu iko kwenye seva ipi? Printa ya karibu na chumba hiki ni ipi? Zamani jibu lilikuwa limeandikwa ndani ya mashine. Sasa ilibidi mashine iulize mtandao. Wakatengeneza Hesiod, huduma ya majina iliyojengwa juu ya programu ile ile inayotafsiri majina ya intaneti. Kwa maoni yangu Hesiod haijapewa heshima inayostahili. Ndiyo iliyofanya mashine mia ziwe kama mashine moja bila mtu kuzungukia kila chumba na diski mkononi. Nyuma yake kulikuwa na Moira, hifadhi kuu ya taarifa iliyowalisha wengine wote, ili msimamizi abadilishe mahali pamoja tu.

Na je, nikitaka kukuita? Zamani ningejua uko kwenye mashine ile. Sasa unahamahama. Ndipo ikaja Zephyr, iliyojua uko wapi wakati huo na kukutokezea ujumbe mfupi kwenye skrini papo hapo. Hayo ni miaka ya 1980, ndugu msomaji. Ukiona leo simu yako ikikuonyesha kwamba rafiki yako "yuko hewani", kumbuka kwamba kuna watu walilazimika kubuni jambo kama hilo kwa sababu tu wanafunzi wao hawakuwa na viti vya kudumu.

Kufikia mwaka 1988 mashine za Athena zilikuwa mamia, zikikaribia elfu, na mmoja wa wahandisi wake, Win Treese, aliandika karatasi kuhusu kuendesha Unix ya Berkeley kwenye mashine 1000. Mimi nilikuwa na tano na sikulala.

Safari ya kutoka MIT hadi kwenye ofisi zetu haikunyooka. Wakati huo sheria za Marekani ziliziweka programu za kuficha maandishi pamoja na silaha, kwa hiyo Kerberos ya toleo la 4 haikuruhusiwa kusafirishwa nje kwa ujumla wake. Walichofanya ni kutoa nakala iliyonyofolewa sehemu zote za kufungia maandishi, wakaiita Bones, yaani mifupa. Huko Australia Eric Young akaijazia nyama upya, ikaitwa eBones, na Wasweden wakaendelea kutoka hapo. Toleo la 5, kazi ya John Kohl na Clifford Neuman, lilichapishwa kama kanuni ya wazi Septemba 1993, RFC 1510, mtu yeyote asome atengeneze lake. Kisha mwaka 2000 Microsoft ilitoa Windows 2000 na Active Directory yake, na ndani yake njia ya kawaida ya kutambulishana ilikuwa Kerberos 5. Kuanzia hapo kila benki, wizara na chuo kilichosema "tumeweka domain" kilikuwa kimemwajiri yule mbwa wa vichwa vitatu, hata kama fundi mwenyewe hakujua jina lake. Samba, programu huria ya kugawana faili na mashine za Windows, ilipotoa toleo la 4.0 Desemba 2012, ofisi ndogo ikaweza kuwa na domain ya namna hiyo bila kununua leseni ya seva. Sisi mwaka 2008 hatukuwa na bahati hiyo.

Ila Windows iliazima utambulisho na kuacha nyuma, mara nyingi, ile nidhamu ya meza tupu. Ofisi nyingi nilizozitembelea zilitumia utaratibu unaonakili wasifu wote wa mtu kutoka seva hadi kwenye mashine anapoingia, na kuurudisha anapotoka. Mtu akiweka picha za harusi ya dada yake juu ya skrini, gigabaiti tatu tuseme, hesabu ni hii: kwenye kebo ya megabiti 100 kwa sekunde ni dakika nne kabla hajaona chochote, hapo ni kama yuko peke yake kwenye mtandao na kila kitu kinakwenda sawasawa. Asubuhi watu watano wakiingia pamoja, wanakwenda kunywa chai. Athena hawakunakili. Waliunganisha folda, na faili likasomwa lilipohitajika tu.

Turudi kwa mawakili. Niliisimamisha NFS ya zamani usiku huo huo na kuweka toleo la 4 likiwa na Kerberos, kila mtu na tikiti yake. Ilinichukua wikendi mbili na nywele kadhaa. Mwanagenzi akaombwa ajaribu tena na laptopu yake. Aliiona seva, aligonga mlango, akaulizwa bahasha, hakuwa nayo. Wakili mkuu aliambiwa kila kitu, kwa sababu siri zilizochungulika zilikuwa za wateja wake, na hilo ni haki yake kujua. Hakufurahi. Alikuwa na sababu.

Halafu kukawa na Jumatatu moja.

Kuna kitu sijakieleza kuhusu zile bahasha. Mwizi anaweza asiweze kuifungua bahasha, lakini anaweza kuinakili ikipita kwenye waya, kisha aiwasilishe mwenyewe baadaye. Ili kumzuia, kila bahasha huambatana na karatasi nyingine ndogo iliyofungwa, yenye saa na dakika iliyoandikwa wakati huo huo. Seva ikiona saa hiyo inatofautiana mno na saa yake, inakataa. Kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika 5. Maana yake ni kwamba saa za mashine zote lazima zikubaliane, na saa imekuwa sehemu ya kufuli.

Wikendi ile stima ilipotea. UPS ilishikilia ikachoka. Stima iliporudi seva ilijiwasha yenyewe vizuri kabisa, ila ilikuwa ni ile mashine kuukuu, na betri ndogo ya saa kwenye ubao wake ilikuwa imekufa zamani bila mtu kujua, kwa sababu haikuwahi kuzimwa kwa muda mrefu. Ikaamka ikiamini ni mwaka 2002. Modemu ya intaneti haikuwa imeshika laini bado, kwa hiyo haikupata wa kumuuliza saa. Laini iliposhika, programu ya kurekebisha saa iliona tofauti ni kubwa mno. Ile ya kawaida, ntpd, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000 hudhani kuna kasoro kubwa na hujifunga, isipoelekezwa vingine. Sikuwa nimeielekeza.

Saa mbili asubuhi watu tisa walikuwa ofisini, kesi mbili zikiwa za kusikilizwa saa tatu, mashine tano mpya zinang'aa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia. Maneno yao ya siri yalikuwa sahihi. Saa ndiyo iliyokataa. Kwenye ofisi ya zamani mashine moja ikifa, mmoja anasimama na wanane wanaendelea. Kwenye ofisi niliyowajengea mimi seva ikikosea mwaka, wote wanasimama. Athena walijua hilo, na ndiyo maana walikuwa na seva za Kerberos zaidi ya moja, moja kuu na nyingine za akiba. Nilikuwa nimesoma hivyo. Niliona ofisi ya watu tisa haihitaji.

Yule mama hakupiga kelele. Alikuwa amezichapisha hati za kesi zote mbili Ijumaa jioni na kuzitia kwenye faili la karatasi, kwa kuwa tangu siku ile ya kwanza hakuziamini mashine zangu. Mawakili walikwenda mahakamani na karatasi zake.

Nilifika saa tatu na nusu. Kurekebisha saa kulichukua chini ya dakika moja. Betri ni ile ya duara, CR2032, inapatikana hata kwa mtengeneza saa wa kando ya barabara. Nilinunua mbili, na mchana huo nikaanza kuitayarisha mashine ya pili kati ya zile kuukuu iwe seva ya akiba. Mama akanisogezea kiti chake nikalie ninapofanya kazi, akasema, "Hiyo nayo uiangalie betri, mwanangu."